Pigo Lijalo Kabla ya Wakati Wake

Msomaji, kabla hujaendelea na habari hii, weka vidole viwili vya mkono wako wa kuume juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, upande ule wa kidole gumba, kisha unyamaze kidogo. Utasikia mshipa unapiga. Kwa mtu mwenye afya aliyeketi kitako hupiga mara sitini hata themanini hivi kwa dakika, na ukizidisha hesabu hiyo kwa dakika zote za mchana na usiku utapata kiasi cha mapigo 100,000 kwa siku moja. Ukiwa mvumilivu yamkini utakuta jambo la ajabu. Mapigo yatakuwa yanakwenda sawasawa kama miguu ya askari katika gwaride, mara pigo moja likosekane, kimya kiwe kirefu kuliko desturi, na pigo linalofuata lije kwa kishindo hata lisikike kifuani. Mimi mwenyewe jambo hilo lilinipata mara ya kwanza usiku wa kuamkia mtihani. Niliketi kitandani hata alfajiri, nikiamini kwamba jua la siku ile sitaliona.

Pigo lile halikukosekana. Lilikuja, tena lilikuja mapema mno, kabla chumba cha moyo hakijajaa damu, na kwa hiyo halikuwa na kitu cha kusukuma. Likapita bila kufika kifundoni. Baada yake moyo ulingoja zamu yake ya kawaida, na katika kungoja huko chumba kikajaa kupita kiasi, ndipo pigo lililofuata likawa zito. Tunalolisikia na kuliogopa, basi, aghalabu si pigo lenye kasoro bali ni lile pigo jema lililokuja nyuma yake. Waganga wa zamani waliokuwa na vidole tu kuwa ndio vyombo vyao waliweza kuhisi kimya kile, lakini hawakuwa na njia ya kujua kilianzia wapi. Habari ninayotaka kukusimulia ni ya jinsi watu walivyojifunza kupatafuta mahali pale, hata wakaweza kupafikia kwa waya na kupachoma.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Juu ya chumba cha kuume, karibu na mahali damu inapoingilia, pana fundo dogo la nyama ambalo hutoa cheche ya umeme yenyewe bila kuamriwa. Cheche hiyo huenea katika vyumba vya juu, hukawia kidogo katika fundo la pili lililo katikati, kisha hushuka kwa nyuzi maalumu hata vyumba vya chini, navyo hukaza pamoja kwa wakati mmoja. Nyuzi hizo za mwisho ziliandikwa na Jan Purkinje mwaka 1839, baada ya kuziona katika moyo wa kondoo; mwaka 1893 Wilhelm His akaeleza fungu linalounganisha juu na chini; mwaka 1906 Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Marburg, Ujerumani, akalitambua fundo la katikati; na mwaka 1907 Waingereza wawili, Arthur Keith na Martin Flack, wakatangaza fundo la juu. Kila kipande cha mfumo huo kilipatikana peke yake, na mtu wa nchi yake, kama watu wanaookota vigae vya mtungi mmoja.

Pigo la mapema la vyumba vya chini halifuati njia hiyo. Mahali fulani katika nyama ya chumba, pengine pasipozidi upana wa punje ya mtama, chembe chache hutoa cheche yake bila kungoja amri ya fundo la juu. Umeme wake hauna barabara ya kupitia. Hutambaa polepole kutoka nyama hata nyama, na chumba kimoja hukaza kabla ya mwenzake. Umepata kuona ngoma ya watu wengi ambamo mpigaji mmoja wa pembeni ameanza kabla ya kiongozi? Wengine humfuata kwa shida, na kwa muda mfupi hakuna anayejua yuko wapi.

Ili kuliona jambo hilo ilibidi umeme wa moyo uandikwe. Mwaka 1887, katika jiji la London, Augustus Waller aliandika kwa mara ya kwanza umeme wa moyo wa mwanadamu kutoka juu ya ngozi, naye alikuwa na mbwa wake aitwaye Jimmy ambaye alimzoeza kusimama ametia miguu katika vyombo vya maji ya chumvi mbele ya wasomi. Aliyelifanya jambo hilo liwe chombo cha utabibu ni Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1860 katika mji wa Semarang, kisiwani Java. Yeye alitundika uzi mwembamba mno wa kioo cha kwozi, uliopakwa fedha, katikati ya sumaku zenye nguvu. Umeme wa moyo ulipoupitia, uzi ulicheza, na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alitia mikono miwili na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi. Kwa kuwa wagonjwa hawakuweza kuletwa chumbani kwake, mwaka 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kupokea umeme wa mioyo yao kutoka hospitali iliyokuwa kilometa moja na nusu mbali. Katika maandishi yake ya mwaka 1906 mna picha za mapigo ya mapema ya vyumba vya chini: mlima mpana usio na umbo la jirani zake, na kimya nyuma yake. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Einthoven alitazama moyo kutoka pande tatu. Frank Wilson, katika mji wa Ann Arbor, Marekani, aliongeza njia sita za kutazama kutoka kifuani katika miaka ya 1930, na Emanuel Goldberger akaongeza tatu mwaka 1942, zikatimia 12 tunazozitumia hata leo. Naomba ushike vizuri hesabu hii, kwa sababu bila hiyo hutaelewa yanayofuata. Njia 12 hizo ni kama mashahidi 12 waliosimama kuuzunguka uwanja. Umeme ukimjia shahidi, kalamu yake huchora juu. Ukimkimbia, huchora chini. Basi daktari anayeona kwamba mashahidi wa miguuni wote wamechora mlima mrefu anajua ya kuwa pigo limetoka juu ya moyo likashuka kwao. Na akiona kwamba mashahidi wa kifuani wa upande wa kuume wamechora bonde, anajua limeanzia mbele, upande wa kuume, likawapa kisogo. Kwa kutazama karatasi peke yake, kabla hajamgusa mgonjwa, aweza kusema kwamba pigo lilitoka kwenye mlango ambao damu iendayo mapafuni hupitia. Na kweli mlango huo ndio kiota kinachojulikana zaidi cha mapigo ya mapema katika mioyo isiyo na ugonjwa mwingine.

Karatasi ya Einthoven ilikuwa na upungufu mmoja: iliandika dakika moja au mbili tu. Mtu aweza kuwa na mapigo ya mapema maelfu na yasitokee hata moja mbele ya daktari. Norman Holter, wa mji wa Helena katika jimbo la Montana, alitengeneza chombo cha kuandika moyo wa mtu anayetembea. Chombo chake cha kwanza alikibeba mgongoni, nacho kilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 38, yaani uzito wa mtoto wa shule. Kufika mwaka 1961, alipochapisha habari zake katika gazeti la sayansi, mzigo ulikuwa umepungua ukawa kitu cha kuchukulika. Tangu hapo mapigo ya mapema yaliweza kuhesabiwa mchana kutwa na usiku kucha, na hesabu hiyo ilileta mshangao, kwa kuwa watu wengi wazima wasio na dalili yoyote walikutwa nayo. Hofu yangu ya usiku wa mtihani ingalikuwa fupi lau ningalijua hayo.

Lakini hesabu ilileta pia kosa kubwa, nami sipendi kulipita upesi, maana lilifanywa na watu wema wenye elimu nyingi. Ilijulikana kwamba mtu aliyepatwa na shambulio la moyo akapona, kisha akawa na mapigo mengi ya mapema, yumo katika hatari ya kufa ghafula kuliko mwenziwe asiye nayo. Pia zilikuwako dawa zilizoweza kuyafuta mapigo hayo. Hoja ikajijenga yenyewe: mapigo yanaashiria kifo, dawa inafuta mapigo, basi dawa inazuia kifo. Maelfu ya wagonjwa walipewa. Mwisho wa miaka ya 1980 katika Marekani na nchi nyingine chache ulifanywa uchunguzi uliojulikana kwa kifupi kuwa CAST. Waliochaguliwa ni wale tu ambao dawa ilikuwa imethibitika kuyazima mapigo yao. Kisha kwa bahati nasibu wengine wakapewa dawa za enkainaidi au flekainaidi, na wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake. Hakuna aliyetazamia ila ushindi. Mwaka 1989 sehemu hiyo ya uchunguzi ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Hesabu kamili ilichapishwa mwaka 1991: katika watu 755 waliopewa dawa walikufa 63, na katika watu 743 waliopewa vidonge vitupu walikufa 26.

Soma tena tarakimu hizo. Dawa ilifanya kazi yake. Karatasi za Holter zilikuwa safi. Na watu walizikwa. Pigo la mapema kwa wagonjwa wale lilikuwa moshi wa moto uliokuwa kwingine, katika kovu la moyo, na dawa iliyofuta moshi ilichochea moto. Flekainaidi haikutupwa, kwa kuwa ina manufaa kwa watu ambao mioyo yao haina makovu, lakini tangu siku ile daktari mwangalifu haandiki dawa kwa sababu tu ya kuona milima mipana karatasini.

Sasa turudi nyuma miaka sitini, tuanze njia nyingine ambayo haikuwa na habari na hii. Katika kiangazi cha mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde karibu na Berlin, alikuwako daktari aitwaye Werner Forssmann, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 25. Alikuwa ameona kitabuni picha ya wataalamu wa Ufaransa wa karne iliyopita waliopitisha mrija katika mshipa wa shingo wa farasi hata moyoni, na farasi asife. Kama farasi, alifikiri, kwa nini si mtu? Dawa ingeweza kufikishwa moyoni mara moja bila kuuchoma kifuani kwa sindano ndefu. Mkubwa wake alimkataza kujaribu kwa mgonjwa, akamkataza pia kujijaribu mwenyewe.

Vyombo safi vilikuwa vimefungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao muuguzi mmoja, Gerda Ditzen. Kama alivyosimulia Forssmann mwenyewe baadaye, alimbembeleza muuguzi huyo hata akakubali, tena akajitoa yeye awe mtu wa kujaribiwa. Forssmann alimlaza mezani, akamfunga mikono na miguu, akajifanya anamtayarisha. Kumbe nyuma yake alikuwa amekwisha tia ganzi mkono wake mwenyewe, akapasua mshipa wa kiwiko, akaingiza mrija mwembamba wa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo. Muuguzi alipotambua alikasirika, lakini alikuwa amefungwa. Baada ya kumfungua walishuka ngazi pamoja kwenda chumba cha eksirei, mrija ukiwa ndani ya daktari. Huko rafiki yake mmoja alitaka kuuvuta autoe kwa nguvu, akamzuia. Akitazama katika kioo alichoshikiwa, aliusukuma mrija hata ukafika sentimeta 65, ncha yake ikawa ndani ya chumba cha juu cha moyo, upande wa kuume, na picha ikapigwa.

Hakupewa shukrani. Alipokwenda Berlin alifukuzwa, na yasemekana profesa mmoja mashuhuri alimwambia kwamba michezo ya namna ile inafaa sarakasi, si hospitali ya heshima. Aliacha habari za moyo akawa daktari wa njia ya mkojo, kazi ambayo mrija wake ulitoka. Si haki kumfanya mtakatifu: mwaka 1932 alijiunga na chama cha Nazi, akawa daktari wa jeshi katika vita, akatekwa. Wakati huo huo ng'ambo ya bahari, katika New York, André Cournand na Dickinson Richards waliichukua njia yake wakaifanya elimu kamili. Mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel, naye Forssmann siku hiyo alikuwa akitibu figo na vibofu katika mji mdogo wa Bad Kreuznach.

Mrija ulipokwisha kukubaliwa, haikuchukua muda kuutia nyaya ndani yake na vipete vya madini nchani, ili usikilize umeme kutoka ndani badala ya kutoka ngozini. Mrija wa namna hiyo huitwa katheta. Mwaka 1967 Dirk Durrer na wenzake katika Amsterdam walionyesha kwamba kwa katheta mtu aweza kuanzisha na kuzima mbio za moyo apendavyo, na mwaka 1969 Benjamin Scherlag akaandika umeme wa fungu lile la His katika mtu aliye hai. Lakini kusikiliza si kutibu. Aliyejulikana kuwa na mahali pabaya moyoni alipaswa kupasuliwa kifua.

Hatua iliyofuata ilitokana na ajali. Katika Paris, mgonjwa mmoja alikuwa na katheta moyoni alipohitaji kushtuliwa kwa mashine ya umeme, nao umeme ukapita katika waya wa katheta ukaliunguza fungu la katikati. Njia baina ya vyumba vya juu na vya chini ilikatika daima. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1979. Wengi waliosoma waliona onyo. Wachache waliona chombo. Mwaka 1981, katika San Francisco, Melvin Scheinman alifanya kwa makusudi jambo ambalo Paris lilifanyika kwa bahati mbaya: alimtibu mgonjwa ambaye vyumba vyake vya juu vilikimbia bila dawa kuvizuia, akaiunguza njia ile kwa ncha ya katheta, akampa mashine ndogo ya kuendesha mapigo. John Gallagher naye alikuwa na habari kama hiyo, na zote mbili zilichapishwa mwaka 1982. Mwaka 1983 Geoffrey Hartzler akatangaza kuitumia njia hiyo kwa mbio zinazoanzia vyumba vya chini.

Umeme huo wa pigo moja ulikuwa wa kikatili. Ulitoa mlipuko mdogo ndani ya moyo, mgonjwa ilibidi alazwe usingizi wa dawa, na hakuna aliyeweza kupima kovu litakuwa kubwa kiasi gani. Dawa ya ukali huo ilikuwa chumba cha upasuaji miaka mingi. Mwaka 1926 katika Boston, Harvey Cushing alitumia mashine ya William Bovie kukata nyama na kuzuia damu kwa umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi mno kwa sekunde, kama ule wa mawimbi ya redio. Umeme wa namna hiyo haushtui msuli. Huupasha moto tu. Mwaka 1985 Stephen Huang na wenzake waliupitisha katika katheta kwa mbwa, na mwaka 1987 madaktari wa Ujerumani wakatangaza kuutumia kwa mwanadamu. Nyama inayofikia joto la kiasi cha nyuzi 50 na zaidi hufa, na kovu huwa la milimeta chache tu. Mgonjwa aweza kuwa macho akizungumza. Mwaka 1991 Warren Jackman katika Oklahoma na wengine walionyesha kwamba waliozaliwa na njia za ziada za umeme moyoni wanaweza kuponywa hivyo, na upasuaji wa kifua kwa maradhi hayo ukawa nadra katika miaka michache.

Je, pigo letu la mapema? Hapo ugumu ulikuwa wa kupata mahali. Njia ya ziada hukaa palepale saa zote, lakini kiota cha pigo la mapema hunyamaza, na lazima ukamatwe wakati kinaposema. Madaktari hutumia hila mbili, nami naziona nzuri sana. Ya kwanza ni kutafuta aliyesikia kwanza. Ncha ya katheta husogezwa hapa na pale katika ukuta wa chumba, na kila pigo la mapema litokeapo hupimwa limefika nchani saa ngapi. Mahali pa asili umeme huonekana kabla mashahidi 12 wa nje hawajaanza kuchora, pengine kwa sehemu 20 au 30 za elfu ya sekunde. Tena ncha ikiwa juu ya kiota hasa, hakuna wimbi linaloijia. Yote yanaikimbia, na kalamu yake huchora bonde tupu lisilo na kilima hata kidogo mwanzoni. Hila ya pili ni kuiga. Daktari hutoa umeme hafifu kwa ncha ya katheta, akalifanya pigo bandia, kisha akalinganisha mchoro wake na ule wa pigo la mgonjwa. Mashahidi wote 12 wakitoa ushahidi ule ule, nukta kwa nukta, basi amesimama penye mlango wa mwizi.

Kazi hiyo ilifanywa kwa eksirei, ambayo huonyesha kivuli cha waya lakini haionyeshi ukuta wa moyo. Mwaka 1997 Lior Gepstein na Shlomo Ben-Haim, wa Haifa, Israeli, walichapisha njia ya kuweka sumaku chini ya meza na kipokezi nchani mwa katheta, hata mashine ikajua ncha iko wapi kwa kukosea chini ya milimeta moja. Kila inapogusa, nukta hutiwa, na nukta zikiwa nyingi ramani ya moyo wa mtu yule yule hujichora kwa rangi, mahali pa kwanza kuamka pakiwa pekundu. Hata hivyo si kila kiota hufikika. Vingine vimo juu ya nguzo za nyama zinazochezacheza ndani ya chumba, na katheta huteleza; vingine viko upande wa nje wa moyo, karibu na mishipa inayoulisha, ambayo haifai kuunguzwa. Eduardo Sosa, wa São Paulo, ndiye aliyeonyesha mwaka 1996 jinsi ya kuufikia upande huo wa nje kwa sindano chini ya mfupa wa kifua.

Nadhani unajiuliza: ikiwa mapigo haya kwa wengi hayana madhara, na ikiwa CAST ilifundisha watu kuyaacha, kwa nini kuingia moyoni kwa moto? Swali hilo liliulizwa na madaktari wenyewe, na kwa miaka kadhaa jibu lilikuwa kwamba hufanywa kwa wale tu wanaosumbuka mno. Kisha hesabu ya Holter ilirudi kwa njia nyingine. Walikuwako wagonjwa ambao mioyo yao ilikuwa imetanuka na kulegea bila sababu, nao walikuwa na mapigo ya mapema makumi ya maelfu kwa siku. Kila mtu alidhani kwamba moyo dhaifu ndio uliozaa mapigo. Mwaka 1998 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliyanyamazisha kwa dawa ya amiodaroni katika wagonjwa wachache, na mioyo ikapata nguvu. Mwaka 2000 ilichapishwa habari ya mgonjwa ambaye kiota chake kiliunguzwa na moyo wake ukarudi. Ikaonekana kwamba kwa baadhi ya watu mapigo ndiyo yaliyozaa udhaifu: ngoma iliyovurugwa mara elfu ishirini na zaidi kila siku, mwaka baada ya mwaka, mwishowe humchosha mpigaji.

Mara ngapi basi ni nyingi mno? Katika Ann Arbor, mji ule ule wa Frank Wilson, wagonjwa 174 walichunguzwa, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba wale ambao zaidi ya pigo 24 katika kila 100 lilikuwa la mapema ndio waliokuwa katika hatari iliyo wazi. Si mpaka kama ukuta. Wako waliodhurika kwa mapigo machache kuliko hayo, na wako waliobeba mengi zaidi bila kudhurika. Kwa hiyo daktari hapimi mapigo peke yake. Hupima pia moyo unasukuma sehemu gani ya damu iliyomo. Mwaka 2015 hospitali kadhaa zilikusanya habari za watu 1185 waliounguzwa viota. Katika kila 100, siku ile ile mapigo yalizimwa kwa 84, na kiasi cha watano walipata madhara ya kazi yenyewe, wengi wao madogo. Wale waliokuwa na mioyo iliyolegea, moyo ulisukuma kwa wastani asilimia 38 ya damu kabla, na asilimia 50 baadaye.

Kuna kundi dogo ambalo pigo moja tu kwalo ni jambo la kufa na kupona. Katika Bordeaux, Ufaransa, Michel Haïssaguerre na wenzake walichunguza watu 27 ambao mioyo yao haikuwa na kasoro inayoonekana, nao walikuwa wamefufuliwa baada ya moyo kutetemeka na kuacha kusukuma damu. Mwaka 2002 walionyesha kwamba kila tetemeko lilianzishwa na pigo la mapema, na kwa watu 23 pigo hilo lilitoka katika nyuzi zile zile ambazo Purkinje aliziona katika moyo wa kondoo. Waliunguza nyuzi hizo. Kwa miaka miwili iliyofuata, 24 kati ya 27 hawakupatwa tena.

Mgonjwa wa kawaida wa leo huingia asubuhi akiwa na njaa. Ganzi hutiwa penye paja karibu na kinena, na katheta hupandishwa katika mshipa mkubwa hata moyoni, safari fupi kidogo kuliko ile ya mrija wa Forssmann. Huambiwa alale bila kutikisika. Mara nyingi jambo linalokawiza kazi ni kwamba mapigo yaliyomsumbua miezi mingi hunyamaza mezani kwa sababu ya dawa ya kutuliza, na watu wote chumbani, waliovaa aproni nzito za risasi, husimama wakikodolea macho kioo na kungoja adui aseme. Likitokea, ncha husogezwa. Moto hutiwa kwa dakika moja hivi. Wakati mwingine kiota hufoka kwa mapigo mfululizo kinapoungua, kisha hukoma. Ncha hutolewa, mtu hukandamiza paja kwa mkono ili damu isitoke, na mgonjwa hulala chali saa kadhaa. Baada ya muda huvishwa tena chombo cha Holter, ambacho siku hizi aweza kukibandika kifuani akaenda nacho kazini, na mapigo yake 100,000 huhesabiwa upya.